Pamba ya Mwanza kama Tulivyoijua Nyegezi

Mwaka 1990 klabu ya Pamba ya Mwanza ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano. Maandishi haya niliyaandika mwaka 2025, taji hilo lilipotimiza miaka 35. Sikuwahi kuwa kiongozi wa klabu, wala mchezaji, wala mtunza vifaa. Nimekua nikiishabikia kutoka Nyegezi, kata iliyo kusini mwa jiji kwenye barabara ya Shinyanga, na historia hii nimeiandika kwa kufuata njia ambayo klabu ilipita hadi kutufikia sisi: zao, redio, kiwanja cha mtaani, mlango wa uwanja wa Kirumba. Viongozi wamepita wengi na wafadhili wamebadilika. Watu ambao hawakubadilika ni wale walioipenda wakiwa wadogo, na ninaamini ndio walioivusha klabu hii pale ambapo kila kitu kingine kilikuwa kimekatika.

Zao kabla ya timu: 1928 hadi mwishoni mwa miaka ya 1960

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kuanzia hapo pamba ya Usukuma ilipata njia ya kutokea: ilichambuliwa viwandani, ikafungwa marobota, ikapakiwa kwenye mabehewa kwenda bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 1955 wakulima, Paul Bomani akiwa mbele yao, waliunda shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kwa jina la Victoria, ambalo miaka ya mwanzo ya uhuru lilihesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Mwaka 1968 likageuzwa kuwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza.

Zao hilo liliujaza mji watu wenye kazi za mshahara: makarani wa mizani, mafundi wa mitambo, wapakiaji, madereva wa malori, wahasibu. Ni vijana, wana nguvu, na jioni wanatafuta mpira. Mwanza ilikuwa na wachezaji wazuri tangu zamani, lakini haikuwa na chombo cha kuwakusanya pamoja, kuwavisha, kuwalisha na kuwasafirisha kwenda kucheza na watu wa Pwani.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilibadilisha hali hiyo nchi nzima bila mtu kulitarajia. Mashirika ya umma yalipokua, yalichukua pia mzigo wa michezo. Ndiyo asili ya majina ambayo wapenzi wa soka wa rika langu wanayataja hadi leo: Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, Bandari ya Mtwara, RTC Kagera, RTC Kigoma, CDA ya Dodoma. Mwanza ikaja na Pamba, iliyoibuka mwishoni mwa miaka ya 1960. Jina lilitoka moja kwa moja kwenye sekta iliyoibeba, na mashabiki wakaliongezea la kwao, TP Lindanda, wana Kawekamo.

Safari ndefu, mafuta haba: 1970 hadi 1984

Agosti 10, 1974, uwanja wa Nyamagana ulipokea mchezo ambao wazee wa Mwanza hawajauacha. Simba na Yanga walikutana hapa, nje ya Dar es Salaam, mwaka ambao Yanga ilimaliza bingwa. Adam Sabu aliitanguliza Simba mapema kipindi cha kwanza. Gibson Sembuli akasawazisha dakika zikiwa zimebaki chache, na Sunday Manara akamaliza kazi katika muda wa nyongeza, 2-1. Nilizaliwa baadaye, lakini bao la Sembuli nimesimuliwa mara nyingi na watu mbalimbali, kila mmoja akidai alikuwa karibu na goli. Kwa historia ya Pamba mchezo huo una uzito wake. Mwanza ilijiona kwa macho yake kuwa inaweza kubeba soka kubwa, na vijana waliokuwa wanachezea timu za hapa walisimama hatua chache kutoka kwa watu ambao walikuwa wanawasikia tu.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na ununuzi wa pamba ukashikwa na Mamlaka ya Pamba hadi vyama viliporudishwa mwaka 1984. Kila mabadiliko ya mlezi yalikuwa mabadiliko ya mtu wa kumwendea klabu inapohitaji nauli. Halafu vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na baada yake uhaba wa mafuta, vipuri na nguo. Timu ya Mwanza ikienda kucheza ugenini Tanga au Mtwara ilikuwa na safari ya siku kadhaa. Wachezaji walilala kwenye behewa, wakashuka na kuingia uwanjani. Nawataja hapa kwa heshima madereva, makatibu na watunza vifaa wa miaka hiyo, ambao majina yao hayako kwenye orodha ya wafungaji.

Taifa nalo lilikuwa linaonja utamu wa mpira. Mwaka 1979 bao la Peter Tino kule Ndola liliipa Taifa Stars sare ya 1-1 dhidi ya Zambia na tiketi ya fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 Lagos, zetu za kwanza. Ndani ya nchi, ubingwa ulikuwa bado kwa sehemu kubwa mali ya Dar es Salaam. Mseto ya Morogoro ilikuwa imeutwaa mwaka 1975. Mikoani watu walikuwa wanauliza lini zamu yao itafika.

Nyegezi na redio: miaka ya 1980

Kwa mtoto wa Nyegezi wa miaka ile, Pamba ilikuwa sauti kwanza. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Tulichokuwa nacho ni Radio Tanzania Dar es Salaam na sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary, waliokuwa wanaweza kukufanya uone rangi ya jezi hali umekaa chini ya mwembe. Nyumbani kwetu redio ilikuwa ya mjomba. Betri zikichoka tulizianika juani tangu asubuhi, juu ya bati, ili jioni zipate nguvu ya kufika angalau kipindi cha pili. Zikigoma katikati ya mchezo tulikimbia nyumba ya pili, na tukikuta za huko zimeisha pia tunaenda ya tatu. Watu wazima walikaa kwenye viti na mikeka, sisi tulikaa chini karibu kabisa na spika, na kanuni ilikuwa moja: mtoto hasemi wakati mpira uko katika eneo la hatari.

Sisi wenyewe tulicheza chandimu. Gozi letu lilikuwa la matambara na makaratasi, na kwa kuwa tunakaa na ziwa, tulilifunga kwa nyuzi za nyavu kuukuu zilizotupwa na wavuvi mwaloni. Nyuzi hizo hazikatiki ovyo, na mpira uliofungwa vizuri ulidumu wiki nzima ya vumbi. Ndugu zetu wa upande wa Misungwi, walikokuwa na mashamba, walijaza ndani pamba yenyewe, na mpira wao ulidunda vizuri kuliko wetu. Tuliwaonea wivu wa kweli.

Kiwanja kilikuwa popote penye tambarare kati ya mawe, maana Mwanza ni nchi ya mawe. Kuna jiwe tulilolitumia kama nguzo ya goli na mpira ukiligonga ulikuwa unarudi kwa kasi usiyoitarajia, kwa hiyo makipa wetu walijifunza kuruka mara mbili. Wakubwa zaidi walikwenda kucheza Malimbe, ambako wamisionari walikuwa wameanzisha chuo cha mafunzo ya jamii tangu 1960, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Pale palikuwa na nyasi. Sisi tulisimama pembeni tukisubiri mpira utoke ili tupate nafasi ya kuurudisha kwa mguu.

Kila mtoto alikuwa na jina la mchezaji. Huwezi kucheza bila jina. Waliowahi walichukua majina ya washambuliaji, waliochelewa walipewa mabeki, na mdogo kuliko wote akawekwa golini. Jina la Khalfan Ngassa liligombaniwa. Tulikuwa hatujamwona kwa macho, lakini redio ilikuwa imetuambia vya kutosha, na yeyote aliyepiga chenga mbili mfululizo aliitwa hivyo siku nzima, hata na mama yake akitumwa dukani.

Lazima niseme jambo ambalo historia za klabu za mikoani huwa zinaliruka. Nyumba karibu zote za Nyegezi zilikuwa tayari za Simba au za Yanga. Mtoto alirithi upande kama anavyorithi ukoo, na mjomba wangu na kaka yake hawakukaa benchi moja siku ya mechi ya watani. Pamba haikuja kuondoa hilo. Ilikuja kuwapa watu wa nyumba moja kitu cha kushangilia pamoja. Siku Pamba inacheza na Simba, wapo wana-Simba wa Nyegezi waliokuwa hawajui wafanye nini na mioyo yao, na wengi walichagua nyumbani. Kitu hicho hakina tarehe ya kuandikwa kwenye jedwali, lakini kwangu ni mafanikio makubwa ya klabu hii sawa na kombe lolote.

Mlango wa Kirumba

Uwanja wa CCM Kirumba uko upande wa pili wa mji. Kutoka Nyegezi unapita Butimba, Mkuyuni, Igogo, unaingia mjini, unaliacha jiwe la Bismarck kushoto kwako ziwani, halafu unapanda Kirumba. Mtoto asiye na nauli alikuwa na miguu yake au huruma ya dereva wa lori. Tuliondoka mapema sana, na tulifika vumbi limetupaka hadi kwenye nyusi.

Hela ya kiingilio hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni desturi. Unasimama karibu na mlango, unawatazama watu wanaoingia, unachagua mtu mzima mwenye sura ya upole.

"Shikamoo baba. Naomba unishike mkono."

"Marahaba. Haya, twende."

Mlinzi wa mlangoni alijua, mtu mzima alijua, na mtoto alijua kwamba wote wanajua. Mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mwenye tiketi alipita. Ndani mkono unaachiwa, na kila mmoja anakwenda anakotaka. Sikumbuki sura ya hata mmoja wa watu walionipitisha. Nakumbuka viganja vyao, kimoja kikiwa na makovu ya kamba, nikadhani ni mvuvi au mpakiaji wa marobota.

Wanaoandika historia za taasisi wana mazoea ya kuorodhesha huduma: mafunzo, vifaa, matibabu ya wachezaji. Mimi naiweka desturi ile ya mlangoni juu ya orodha. Haikuandikwa kwenye katiba ya klabu wala kwenye kanuni za uwanja. Haikumgharimu mtu chochote, kwa kuwa mtoto wa umri ule asingeweza kununua tiketi hata angetaka. Ilichofanya ni kuingiza ndani, wiki baada ya wiki, watu watakaokuwa wananunua tiketi miaka 30 baadaye.

Mara ya kwanza nilipoingia, kilichonishtua ni ukimya uliokuwa unakuja kabla ya kelele. Redio haikuwa imetuambia habari hiyo. Winga akishika mpira na kuinua kichwa, jukwaa zima lilivuta pumzi kwa pamoja, na mtoto katikati yao akavuta pia bila kuambiwa. Na nyasi! Nilikuwa sijawahi kuona mpira unaviringika bila kuruka.

1990

Miaka ya 1980 ilikuwa ya mikoa. Tukuyu Stars walitoka Mbeya wakachukua ubingwa wa Bara mwaka 1986. Coastal Union ya Tanga ikauchukua mwaka 1988. Mwaka 1990 zamu ya Mwanza ikafika, na taji letu lilikuwa la Ligi ya Muungano, iliyozikutanisha klabu za juu za Bara na za Zanzibar na ambayo bingwa wake aliiwakilisha nchi katika Kombe la Klabu Bingwa Afrika.

Mwaka huohuo Kamerun ilikwenda Italia. Juni 8, katika mchezo wa ufunguzi wa Kombe la Dunia, Omam-Biyik aliruka akaifunga Argentina ya Maradona 1-0, na Roger Milla akaipeleka Afrika robo fainali kwa mara ya kwanza. Kwa mtoto wa umri wangu mambo haya mawili yaliungana yakawa jambo moja. Afrika ilikuwa imewafunga mabingwa wa dunia, Mwanza ilikuwa imeizidi Dar es Salaam, na vyote viwili tumevisikia kwenye redio ileile yenye betri za kuanika. Kiwanjani kwetu kukawa na Milla na Khalfan katika timu moja, na hakuna aliyeona ajabu.

Kikosi cha miaka hiyo kilikuwa na vipaji ambavyo Tanzania nzima ilivitamani. George Masatu alikuwa beki mtulivu, na Hussein Masha alikuwa kiungo ambaye mpira ulimtii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Pamba iliiwakilisha Tanzania katika mashindano ya klabu za Afrika, na wageni waliofika Mwanza walikutana na timu iliyocheza soka la pasi, bila haraka.

Mafanikio yakaleta yale yanayoyafuata. Masatu na Masha walikwenda Simba, na walikuwamo katika kikosi kilichofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ambako Stella ya Abidjan ilishinda 2-0 katika mchezo wa marudiano Dar es Salaam. Siku ile Mwanza iliwasikiliza vijana wake wakicheza fainali ya Afrika kwa jezi ya watu wengine. Tulijivuna, na tuliumia. Naandika yote mawili kwa sababu yote mawili yalikuwa ya kweli.

Mlezi anaondoka: 1994 hadi 2001

Anguko la Pamba halikuanzia uwanjani. Sheria ya Pamba ya mwaka 1994 ilifungua soko la zao hilo kwa wanunuzi binafsi, ikamaliza enzi ya ununuzi wa mkono mmoja. Vyama vya ushirika vilivyozoea kuwa wanunuzi pekee vilijikuta vinashindana na makampuni yenye fedha taslimu, vikiwa na madeni mgongoni. Biashara inayopigania kuishi hailipi posho za wachezaji. Kile kilichotokea Mwanza kilitokea pia Moshi, Morogoro na Mtwara, kwa hiyo timu nyingi za mashirika zilizima ndani ya muongo mmoja. Mtu anayeitafuta sababu kwa kocha fulani au mwenyekiti fulani anatazama mahali padogo mno.

Wakati huohuo uchumi wa Mwanza ulikuwa unageukia ziwani. Viwanda vya minofu ya sangara vilijengwa, ndege za mizigo zikaanza kutua, mji ukapanuka hadi kutangazwa jiji mwaka 2000. Watu waliongezeka, fedha ziliongezeka, na klabu kubwa ya mji ikazidi kudhoofika. Mwaka 2001 Pamba ilishuka daraja.

Miaka ishirini na mitatu

Kipindi hiki kingeweza kuandikwa kwa mistari miwili, na wapo watakaopenda iwe hivyo. Mimi naona ndicho kipindi kinachoonyesha klabu hii imetengenezwa kwa kitu gani.

Uongozi ulibaki kwa wanachama wa kawaida. Mwenyekiti hakuwa na shirika nyuma yake. Katibu aliandika barua kwa gharama zake. Kocha alifundisha vijana waliokuja mazoezini baada ya kazi, wengine wakitoka kuendesha pikipiki, wengine sokoni. Timu ilicheza madaraja ya chini, mara nyingi Nyamagana mbele ya watu wachache, na watu hao wachache walikuwa walewale.

Jiji halikukosa timu Ligi Kuu. Toto African, wana Kishamapanda, waliipeperusha bendera kwa vipindi hadi waliposhuka mwaka 2017. Kwao alipita Mrisho Ngassa, mzaliwa wa Mwanza na mtoto wa Khalfan, ambaye alikuja kuwa mfungaji mkubwa wa Taifa Stars. Mbao FC ilipanda mwaka 2016, na msimu wake wa kwanza uliwapa watu wa Mwanza siku za kukumbuka. Aprili 30, 2017 iliitoa Yanga kwa bao 1-0 Kirumba katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, na Mei 27 ikapoteza fainali kwa Simba, 2-1, Dodoma, baada ya muda wa nyongeza. Alliance nayo ilifika Ligi Kuu kutoka kwenye shule yake. Zote mbili, Mbao na Alliance, zilishuka mwaka 2020. Mashabiki wa Pamba tulizishangilia timu hizo kwa moyo mweupe, kwa sababu ni za nyumbani. Lakini kwenye kuta za vijiwe vya Nyegezi, picha zilizobandikwa zikapauka bila kubanduliwa zilikuwa za kikosi cha 1990.

Na watoto? Nyegezi ilibadilika sana. Stendi ya mabasi ya kwenda Dar es Salaam na mikoa ya kusini iliifanya kata yetu kuwa lango la jiji. Wanafunzi wa Malimbe walijaza vyumba vya kupanga. Vibanda umiza vilizuka kila kona, na mtoto kwa shilingi chache alimwona mchezaji wa London au Madrid karibu kuliko sisi tulivyomwona mchezaji wa Kirumba. Simlaumu mtoto huyo, kwa kuwa alipenda kilichokuwa mbele yake. Ila nilijua kwamba mashabiki wa Pamba tunazeeka bila kurithiwa, na jambo hilo lilinisumbua kuliko matokeo ya Jumamosi yoyote.

Mwaka 2019 klabu ilifika mlangoni. Ilicheza mchujo wa kupanda dhidi ya Kagera Sugar na ikashindwa. Watu wazima walilia hadharani, na baadhi yao walikuwa wameanza kuamini kuwa watakufa bila kuiona tena Ligi Kuu. Halmashauri ya Jiji la Mwanza ilipoichukua klabu mikononi, jina likawa Pamba Jiji. Baadhi ya wazee walinung'unika juu ya neno lililoongezwa. Binafsi nililipokea kwa furaha, maana kwa mara ya kwanza tangu enzi ya ushirika klabu ilikuwa na mlezi ambaye hawezi kufungasha mizigo akahama mji.

Kupanda: 2024 na 2025

Aprili 2024, chini ya kocha Mbwana Makata, Pamba Jiji ilipata nafasi ya kurudi Ligi Kuu, ikipanda pamoja na KenGold ya Chunya. Miaka 23 ilikuwa imepita. Agosti 16, 2024, Ligi Kuu ilirudi kwa Pamba pale Kirumba, mgeni akiwa Tanzania Prisons, na mchezo ukaisha 0-0.

Matokeo hayo hayakuwavunja moyo watu waliokuwa uwanjani. Walikuwapo wanaume na wanawake wenye mvi waliokuja na watoto, na wengine na wajukuu. Mzee mmoja jirani yangu wa jukwaani alimwelekeza mjukuu wake kwa kidole mahali Khalfan Ngassa alipokuwa anapenda kusimama akisubiri pasi. Mtoto alitazama mahali hapo patupu kwa makini, akauliza, "Babu, sasa hivi nani anasimama pale?" Babu akamtajia jina la mchezaji wa leo.

Msimu ulikuwa mzito. Kocha wa mwanzo wa msimu huo, Goran Kopunović, aliondoka Oktoba na Fred Felix Minziro akachukua usukani. Timu ilitafuta ushindi kwa jasho, ilipoteza michezo ambayo haikustahili kupoteza, na mwishoni ikabaki Ligi Kuu. Kubaki kwa timu iliyokaa nje miaka 23 ni kazi kubwa, na waliofanya kazi hiyo wanastahili kuandikwa katika ukurasa mmoja na wale wa 1990.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| Mwishoni mwa miaka ya 1960 | Pamba yaanza, ikibebwa na sekta ya pamba |
| 1974 | Nyamagana yapokea Simba na Yanga, Agosti 10 |
| 1976 | Vyama vikuu vya ushirika vyavunjwa. Ununuzi wa pamba wahamia kwa Mamlaka |
| 1984 | Vyama vya ushirika vyarudishwa |
| 1990 | Ubingwa wa Ligi ya Muungano |
| Mwanzoni mwa miaka ya 1990 | Klabu yaiwakilisha nchi katika mashindano ya Afrika |
| 1994 | Sheria ya Pamba yafungua soko kwa wanunuzi binafsi |
| 2001 | Kushuka daraja |
| 2019 | Kushindwa katika mchujo dhidi ya Kagera Sugar |
| 2024 | Kurudi Ligi Kuu ikiwa Pamba Jiji |
| 2025 | Kumaliza msimu wa kwanza na kubaki Ligi Kuu |

Kilichobaki kufanywa

Klabu haina jumba la kumbukumbu. Picha za kikosi cha 1990, jezi, tiketi na daftari za makatibu zimetawanyika majumbani, na kila msiba wa mzee unaondoka na kabati zima. Ningependa Jiji litenge chumba kimoja, hata chini ya jukwaa kuu, na liwaombe wenye vitu hivyo walete nakala wakati wenyewe bado wapo wa kueleza nani ni nani kwenye picha.

Ningependa pia desturi ya mlangoni irudi, safari hii ikiwa na kanuni: mtoto wa shule ya msingi aliyeshikwa mkono na mtu mwenye tiketi aingie bure katika kila mchezo wa nyumbani. Siku hizi tiketi ni za mtandao na milango ina mashine, kwa hiyo mlinzi mwenye huruma hana tena nafasi ya kufumba macho. Lazima mtu aandike ruhusa hiyo. Nafasi Kirumba ipo, kwani nje ya siku za Simba na Yanga mzunguko haujai.

Na watoto wenyewe wanaweza kutoka mbali zaidi kuliko zamani. Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa kusini mwetu, na watu wa Sengerema na Geita ambao walikuwa wanapiga hesabu ya kivuko kabla ya kukata tiketi sasa wanaingia jijini kwa barabara moja kwa moja, wakipitia Nyegezi. Tumeanza kuwaona stendi siku za mechi, wakiuliza daladala ya Kirumba, watoto wao wamevaa jezi.